Dua Jukwaani

Katika nyanda za kati za Tanzania, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600, nayo huja kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufunga na upepo mkavu hushika nchi kwa miezi yote iliyosalia, kuomba mvua hakukupata kuwa pambo la dini. Kulikuwa, na kungali, shughuli ya uhai na mauti. Wazee wa Ugogo walihesabu miaka yao kwa njaa kabla hawajaihesabu kwa kalenda, na katika njaa hizo iliyotajwa kwa hofu kubwa ni ile waliyoiita Mtunya, iliyoanza Vita Kuu ya Kwanza ingali ikipiganwa, wakati majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua nayo ikakataa. Hukadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa nchi ile, 30,000 walipotea. Watu waliopitiwa na jambo la namna hiyo hawaimbi juu ya mvua kama mshairi wa pwani aimbavyo juu ya mwezi.

Ndiyo maana nchi hii ina milango mingi ya kuombea. Mtemi wa zamani, mlinzi wa mawe ya mvua, alitoa sadaka mnyama mweusi, kwa sababu weusi ndio rangi ya wingu lililobeba maji. Waislamu wa Dodoma, masika yakichelewa, hutoka uwanjani na watoto wao na wazee wao wakaswali istiska. Waanglikana, ambao wamisionari wao waliingia Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Wakatoliki waliowafuata, huomba mvua makanisani mwao. Na chini ya milango hiyo yote, kwa muda mrefu kuliko wote, ulikuwapo wimbo: wimbo wa sauti nyingi wa Wagogo, ambao sauti zake hupishana na kukutana kwa ustadi uliowashangaza wasomi wa muziki wa nchi nyingi, nao uliimbwa shambani, makumbini, msibani, harusini, na pale mbingu zilipokuwa zikibembelezwa.

Basi swali langu ni hili. Mtu akiuchukua wimbo uliozaliwa katika haja hiyo, akaupeleka jukwaani mbele ya watu wasio na haja hiyo, watu waliolipa kiingilio ili wapate kufurahi usiku mmoja, je, anaomba au anaigiza? Na ikiwa anaigiza, amemkosea nani: Mwenyezi Mungu, wahenga wake, au nafsi yake mwenyewe?

Katika nchi yetu mtu aliyelibeba swali hili kwa maisha yake yote, pasipo kulitungia hoja hata moja kwa maneno, ni Hukwe Ubi Zawose, Mgogo aliyezaliwa katika vijiji vya Dodoma, mwaka 1938 kwa hesabu inayotajwa zaidi. Alikua katika nchi ya mifugo, akapokea kwa baba yake ufundi wa kupiga na kuimba, akawa bingwa wa zeze na wa ilimba, lile sanduku la mbao lenye safu za vyuma vipigwavyo kwa vidole gumba, ambalo tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio utoke na mvumo wake. Lakini ala zote hizo zilikuwa wajakazi wa koo lake. Sauti yake ilishuka mpaka ikanguruma kifuani, kisha ikapanda ikawa nyembamba kuliko ya mtoto, wala msikilizaji asipaone mahali pa kuungia. Wajuzi wanatuambia kwamba daraja za sauti katika muziki wa Wagogo zinalingana na zile sauti za ndani ambazo uzi uliokazwa huzitoa wenyewe ukiguswa, zile zilizofichwa ndani ya sauti moja. Yaani ngazi wanayopandia waimbaji hawa haikubuniwa na mwanadamu yeyote, bali ilisikilizwa. Mimi naliona jambo hili kuwa na uzito katika swali letu kuliko linavyopewa, kwa sababu mtu aliyefunzwa kuimba kwa kusikiliza kilichokwisha kuwapo hawezi kwa wepesi kujidhania kuwa ndiye muumbaji wa wimbo wake.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilaumu mazoea ya wasomi wa siku zile kuona fahari kwa dansi za kigeni na kuzionea haya ngoma za kwao. Likafuata kundi la taifa la ngoma, na katikati ya miaka ya 1960 Zawose, ambaye sifa zake zilikwisha kumfikia Mwalimu, aliitwa aje akae na kufanya kazi Dar es Salaam. Baadaye, Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, akawa mmoja wa nguzo zake. Sahani yake ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985. Chibite ikatolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996. Mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na mwanamuziki Michael Brook wa Kanada, na mwaka huohuo, akiwa na ndugu yake wa ukoo Charles Zawose, alikuwa Marekani akifungua maonyesho ya mwanamuziki Peter Gabriel katika kumbi ambazo moja ingewatosha watu wa vijiji vingi vya Ugogo wakiwekwa pamoja. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Husuda si desturi yangu, lakini nikiifikiria safari hiyo siachi kucheka kidogo kwa jambo moja: mtu wa nchi ya kiu, mwenye muziki uliolelewa na dua za mvua, akiwaimbia Waingereza waliokuja na miavuli.

Wako watu wa dini watakaosema kwamba hapa hakuna swali, na jawabu lao si la kijinga. Watasema kwamba ibada ikionyeshwa ili itazamwe imekwisha kuharibika. Maulamaa wa Kiislamu wameitaja riya, yaani kutenda la Mungu kwa ajili ya macho ya watu, kuwa ni shirki ndogo. Na katika Hotuba ya Mlimani Yesu anawaonya wanafunzi wake wasiwe kama wale wapendao kusali wakiwa wamesimama kwenye pembe za njia ili waonekane, bali waingie vyumbani na kufunga milango. Na wazee wa mila, ambao aghalabu huachwa nje ya mabishano ya namna hii kana kwamba wao hawana elimu ya mambo ya ghaibu, wana neno lao pia, nalo ni kali zaidi: kwamba nyimbo za makumbi ni amana ya waliotahiriwa, hazipaswi kuingia katika kila sikio, na kwamba kila wimbo una majira yake na mahali pake, ukiimbwa nje ya hayo haukosi tu faida, bali waweza kuleta madhara. Kwa hiyo imamu, kasisi na mzee wa Kigogo, watu watatu ambao ni nadra kukubaliana juu ya jambo lolote, wanasimama hapa upande mmoja.

Hata hivyo, ukiingia ndani ya ibada zao wenyewe utakuta jambo litakalowatia shakani. Peter Rigby, mwanazuoni aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza juu ya desturi yao ya kuitakasa nchi. Mifugo ilipopatwa na maradhi na hali ya mambo ilipoharibika, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika vifaa vya wanaume, wakachunga ng'ombe, kazi ambayo siku zote si yao, wakacheza kwa ukali, na ile balaa wakaiendesha mbele yao mpaka mpakani wakaitupa. Nani katika kijiji aliyedhani kwamba wale ni wanaume? Hakuna hata mmoja. Kila mtu alijua kwamba mama yake ni mama yake. Walakini hakuna aliyethubutu kusema kuwa ule ni mchezo. Dunia ilikuwa imepinduka, na wanawake waliipindua mara ya pili ili irudi ilivyokuwa.

Sasa mtazame imamu katika istiska. Amekwisha kuswali rakaa zake, amehutubu, kisha anaelekea kibla na kugeuza joho lake, upande wa kuume ukaja kushoto na wa kushoto ukaenda kuume, kwa kufuata mwendo wa Mtume. Wanazuoni wameeleza kwamba hiyo ni ishara ya kutumaini kuwa Mola naye ataigeuza hali, ukame uwe neema. Hapana nguo katika dunia hii ambayo kwa kugeuzwa huleta wingu. Kila mswalihina analijua hilo. Hata hivyo joho hugeuzwa mbele ya watu, kwa macho yao, na hakuna mwenye akili aiitaye riya. Na siku ya Alhamisi Kuu askofu huvua vazi lake la nje, akajifunga kitambaa na kuwaosha miguu watu kumi na wawili, akiwa mtumwa kwa robo saa, kisha akavaa tena na kurudi katika kiti chake cha enzi. Mwanamke wa Kigogo, imamu na askofu, wote watatu wanaigiza. Wala hawaigizi pembeni ya ibada, kama mtu atiaye chumvi katika chakula kilichokwisha kuiva. Wanaigiza katika kiini chake.

Kwa hiyo nakataa ile hoja ya kwanza. Kuigiza hakuiharibu dua, kwa kuwa pana dua nyingi ambazo ukiziondolea igizo huna ulichobakiza. Kama Hukwe Zawose alipoteza kitu njiani kati ya Ugogo na kumbi za ng'ambo, hakukipoteza kwa sababu ya kuonyesha.

Pengine basi alikipoteza katika nia? Hili ndilo jawabu litolewalo mara ya pili, nalo ni tamu kwa wengi kwa sababu linatuliza: kwamba nia ikiwa safi, mahali si kitu, na wimbo ulioimbwa kwa moyo wa ibada ni ibada hata katika ukumbi wa tikiti. Fiqhi yenyewe huifanya nia kuwa mlango wa kila amali. Lakini ninamjua mtu mmoja katika tarehe za karne iliyopita ambaye nia yake haikuwa na doa, na bado jambo lilimharibikia mikononi, nami nataka nikae kwake kidogo, kwa kuwa alikuwa vyote viwili, mwimbaji na mwigizaji, na kwa kuwa aliupenda ulimi wetu.

Paul Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1898, baba yake akiwa mtu aliyetoroka utumwani akiwa kijana na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mwezi wa Aprili 1925, katika mji wa New York, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya jambo ambalo mwimbaji wa peke yake alikuwa hajalifanya: onyesho zima la nyimbo za watu weusi wa Marekani, nyingi zikiwa zile nyimbo za dini walizoziimba watumwa mashambani wakimlilia Mungu wa Musa. Kabla yake vijana wa Chuo cha Fisk walikwisha kuzitembeza nyimbo hizo tangu mwaka 1871 ili kukichangia chuo chao fedha, kwa hiyo swali la dua na kiingilio si geni hata huko. Robeson aliziimba kwa taadhima. Alikwenda London, akajiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, akasoma Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, kwa sababu aliamini kwamba mtu mweusi asiyeijua Afrika ni mtu aliyekatwa nusu.

Kwa imani hiyohiyo alikubali kucheza katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Alikuwa ameahidiwa kwamba Afrika itaonyeshwa kwa heshima, na ngoma halisi zilipigwa picha barani kwetu. Katika umati wa wachezaji wadogo, waliochukuliwa kwa ujira katika mji wa London, alikuwamo mwanafunzi mmoja wa Kikuyu aitwaye Jomo Kenyatta, naye akicheza kama mmoja wa machifu. Filamu ilipokwisha kukatwa na kuungwa ikatokea kuwa ni sifa kwa utawala wa Mwingereza na kwa mkono wake wa chuma juu ya Waafrika watiifu, na yule mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote ndani yake alikuwa mtumishi mwaminifu wa Bwana Sanders. Robeson aliikana kazi hiyo hadharani. Lakini tazama: nia yake ilikuwa njema mwanzo hata mwisho, sauti yake ilikuwa ileile, nyimbo alizitoa kwa moyo uleule, na matokeo yakawa dhulma iliyopambwa kwa uzuri wake. Nia haikumwokoa. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kumzuia. Wale walioimbiwa katika filamu ile, Waafrika wa mitoni, hawakuwa na chumba katika nyumba ya mkataji wa filamu. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusimama na kusema, kijana, sivyo.

Hapo ndipo ninapoliona jibu langu, kama ni jibu. Tofauti kati ya dua ya kijijini na dua ya jukwaani haipo katika kuigiza wala katika nia. Ipo katika hakimu. Mwimbaji wa Ugogo anapoimba nyumbani anaimba mbele ya watu wanaoujua wimbo sawasawa na yeye au kumshinda, ambao mashamba yao yanasubiri kama lake, na wenye haki ya kumwambia kwamba amekosea mstari, au ameimba kwa kiburi, au ameimba wimbo ambao si wake. Mtemi ambaye mvua ilimkatalia mwaka hata mwaka hakuwa na mahali pa kujificha na lawama. Na juu ya wote hao yuko Mulungu, Mungu wa Wagogo, ambaye hukumu yake haikuwa ya maneno: mvua ilikuja au haikuja. Jukwaani hukumu hizo zote hubadilishwa kwa moja, nayo ni makofi, na makofi hayajui lolote ila kwamba mtu amefurahi. Mwimbaji mwenye koo kama la Zawose angeweza kukosea kila neno la Kigogo mbele ya umati wa Marekani na bado wangesimama kumpigia.

Wasomaji wangu wengine wataona ninakaribia kusema kwamba bora angebaki kwao. Sisemi hivyo, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba kijiji chenyewe hakikubaki. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ilianza Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu mwenyewe akaja Chamwino akafanya kazi ya mikono pamoja nao. Nia ya jambo hilo, tena, ilikuwa njema. Maji, shule na zahanati haviwezi kufuata kila boma porini. Walakini mtu aliyehamishwa huacha nyuma makaburi ya wazee wake na mahali walipopatiwa sadaka, na nyimbo za mahali hazihami kwa lori pamoja na vyombo. Kwa hiyo taifa lilimchukua mwimbaji likampandisha jukwaani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili likavisogeza vijiji vilivyomfunza kuimba. Silaumu. Nasema tu kwamba aliyetaka kurudi nyumbani kwa wimbo wake angelazimika kwanza kuuliza nyumbani ni wapi.

Taifa nalo lilikuwa hakimu wa namna yake. Kundi la ngoma lilitaka wimbo wa Mgogo ukae jirani na wa Mmakonde na wa Msukuma, kila mmoja kwa dakika zake chache, na wote waseme umoja, kazi, chama na Rais. Zawose aliimba hayo, na aliyaimba kwa mapenzi, kama zionyeshavyo nyimbo zake za amani na za kuisifu nchi. Wapo wanaoliona hili kuwa ni kushuka kwa msanii, mimi siwafuati. Mfalme, chama au taifa ni mwenye nyumba mkali, lakini angalau ni mtu aliye hapa, anayeweza kujibiwa, kukasirikiwa na kusifiwa kwa haki. Nisichokipenda ni ule upole wa soko la ng'ambo, linalopokea kila kitu kwa tabasamu, linalouita muziki wote wa walimwengu kwa jina moja, na lisilomdai mwimbaji chochote ila awe yeye mwenyewe, hali halijui yeye mwenyewe ni nani.

Basi aliokokaje? Kwa maana naamini aliokoka. Yeyote aliyesikia zile sahani za mwisho, hata ile iliyotiwa mitambo ya Michael Brook, atakiri kwamba huyo si mtu aliyelegea kwa kukosa wa kumkosoa. Jawabu langu ni Bagamoyo. Mbali na kufunza chuoni, Zawose aliijenga kule, pwani, familia kubwa ya watoto, ndugu na wajukuu walioimba, waliounda ala na waliopiga, hata nyumba ya Wagogo ikasimama kando ya bahari ambayo babu zao waliijua kwa habari za misafara tu. Mwana aliyezaliwa humo alisikia ilimba kabla ya kusikia shule. Na katika nyumba hiyo mtu mzima aliyerudi kutoka katika kumbi za Ulaya akiwa na makofi masikioni alikaa mbele ya mashangazi waliojua wimbo unavyopaswa kwenda. Sidhani kwamba alipanga jambo hili kwa falsafa. Lakini mtu aliyeondolewa mahakama yake alijijengea nyingine ndogo, ya damu yake mwenyewe, akaikalia kila aliporudi.

Robeson naye, ukimfuata hadi mwisho, alirudi kulekule. Serikali ya Marekani ilipomnyang'anya hati yake ya kusafiria mwaka 1950, akakaa miaka minane bila kuvuka mpaka, na kumbi kubwa zikamfungia milango kwa sababu ya siasa zake, makanisa ya watu weusi yakamfungulia, na mojawapo ni lile la Harlem ambalo ndugu yake Benjamin alikuwa mchungaji wake. Katika kanisa hilohilo ibada ya mazishi yake ilifanyika mwezi wa Januari 1976. Kule hakuna aliyehitaji kuelezwa wimbo unahusu nini. Na bibi kizee wa safu ya mbele, aliyeuimba akiwa mtoto, alikuwa na haki ya kutikisa kichwa kwa kukataa kama alivyokuwa na haki ya kulia.

Lakini hapa pana jambo ambalo ni wajibu nilitaje, kwa kuwa linaisumbua hoja yangu, na hoja isiyosumbuliwa haifai kuaminiwa. Hakimu wa kijijini hakuwa mwadilifu siku zote. Katika Ugogo ngoma ya muheme ni ya wanawake. Wanaibana mapajani na kuipiga kwa nguvu ambayo haina mfano katika ngoma zetu, na mwanamume hakuruhusiwa kuigusa. Kwa upande wa pili, zeze na ilimba zilikuwa za wanaume, na mwanamke, awe na kipaji gani, alikuwa wa kuitikia nyuma. Hii ndiyo hukumu ya wazee, nayo ilitolewa na watu wanaoujua wimbo, wenye kila sifa niliyoitaja. Ni jukwaa, lile jukwaa lisilojua kitu, ndilo lililoipangua. Msafiri, mwana wa Hukwe, alitoa Uhamiaji mwaka 2017, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini mwaka 2024 Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa sahani ya Maisha kwa jina la Zawose Queens, wakiongoza wao, wakipiga wao ala zilizokuwa za baba zao na babu zao. Wasikilizaji wa Uingereza waliowapigia makofi hawakujua kwamba pana mwiko uliovunjwa, na kutojua kwao huko, ambako nimekulaumu kurasa nzima, kulikuwa ndiyo nafasi waliyoipata wanawake hao.

Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu, nami sioni njia ya kuliondoa ila kulikubali. Kuna nyakati ambapo mtu mwenye dua humfaa kuombea mahali ambapo hajulikani. Musa hakukutana na kile kijiti kilichowaka moto mbele ya ukoo wake. Na Muhammad alikwenda pangoni. Ila wote wawili walirudi, na mapokezi yao hayakuwa makofi.

Pale Chamwino, tangu mwaka 2009, kwa juhudi za Kedmon Mapana, mwana wa Ugogo aliyeufanya muziki wa kwao kuwa elimu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huwapo tamasha la muziki wa Wagogo, ambamo vikundi vya vijiji huja kuimba na kucheza. Lina jukwaa, lina wageni, lina vipaza sauti na picha. Kwa sura ya nje ni onyesho kama maonyesho mengine, na mtu wa msimamo mkali angesema ibada imekwisha kufa hapo kama inavyokufa London. Lakini waliozunguka uwanja, wengi wao ni Wagogo, wana mtama na uwele ambao utaota au hautaota mwaka huo, na bibi aliyeupokea muheme kwa mama yake ameketi karibu kiasi cha kusikia kila pigo. Kama Pendo na Leah wangesimama pale na ilimba mikononi, wangekutana na swali ambalo kumbi za Ulaya haziwezi kuwauliza, kwa nini mmeshika hicho, na wangepaswa kulijibu kwa Kigogo, mbele ya wenye wimbo, huku mawingu ya mwaka huo yakiwa bado hayajatoa kauli yake.